Kiatu cha Mama Mkwe Kwenye Kona ya Picha

Haya nilihadithiwa na fundi mwenyewe, binti anayenishonea nguo, mwezi uliopita, nilipokwenda kupunguziwa gauni lililonizidi mabega. Alikuwa amebana pini mdomoni, anazitoa moja moja, na kila pini na neno lake. Nayaweka kama alivyoyasema.

Yalianzia hapo hapo dukani kwake. Cherehani inakimbia, fundi ameinamia pindo la sketi ya shule, mteja mmoja akaingia na simu mkononi, anacheka peke yake.

"Fundi, hebu tazama. Huyu si wewe?"

Fundi akatazama. Alikuwa yeye. Mdomo wazi, macho yamemtoka, mkono unapanda shavuni, unashuka, unapanda tena, na mdomo unafunguka upya. Haikuwa picha ya kutulia, wala haikuwa video. Ni hizi picha za siku hizi zinazocheza, zikifika mwisho zinarudi mwanzo, kama mtu aliyeingia chumbani akasahau alichofuata, akatoka, akaingia tena.

"Umeipata wapi?"

"Kwa mdogo wangu, naye kapewa kazini kwao. Watu wanaitumia wakitaka kumcheka mtu. Umekuwa maarufu, fundi."

Fundi alitaka kucheka naye. Ndipo jicho likamshuka kwenye kona ya chini. Pale palikuwa na kiatu. Kiatu cha kike, cheusi, chenye ua la kitambaa juu yake. Kinapaa. Kinashuka. Kinapaa.

Ua lile alilishona yeye kwa mkono wake, zawadi kwa mama wa mchumba wake. Akaivuta simu karibu, akaitazama tena.

Mama huyo kila mtu humwita Matroni, maana maisha yake yote ya kazi aliangalia mabweni ya wasichana, na hata baada ya kustaafu hutembea kama anayekagua vitanda. Jumapili iliyotangulia alikuja nyumbani kwa kina fundi kupanga siku ya harusi. Mipango ikaenda vizuri, watu wakala, wakacheka. Wakati wa kuondoka Matroni akateleza kwenye ngazi ya baraza, akakaa chini kwa kishindo, kifundo cha mguu kikateguka. Fundi ndiye aliyemwinua. Sasa hii picha inasema Matroni anaanguka na mkwe anacheka. Na haichoki kusema.

Mteja alipotoka, fundi akampigia mchumba wake. Kijana ni mpiga video wa sherehe, mtaani wanamwita Lenzi.

"Lenzi, hii picha yangu inayocheza umeitengeneza wewe?"

"Umeiona? Umeipenda?"

"Tazama kona ya chini, kushoto."

Fundi akasikia vidole vikibonyeza.

"Mungu wangu," Lenzi akasema.

Akajieleza mbio mbio. Siku ile aliacha simu barazani, imesimama kwenye miguu yake mitatu, inarekodi yenyewe, naye akaenda kubeba viti. Hakumwona mama yake akianguka, alifika mambo yamekwisha. Sasa, siku moja kabla ya simu hii, alikuwa anajifunza programu ya bure ya kugeuza video kuwa picha za namna hii. Bure kwa maana huilipii, unailipa kwa kuhangaika nayo. Unaweka video yako, unachagua ianzie wapi na iishie wapi, unakata pembeni, unaipunguza isizilemee simu za watu, halafu unaiambia irudie bila mwisho. Sauti haiibebi, picha hizo ni bubu. Akawa anapita kwenye video akiutafuta uso wa mchumba wake, akauona umefunguka, akadhani anacheka, akaona amependeza. Mwenye kupenda haangalii kona. Akaituma kwenye kundi la familia na maneno: "Furaha ya nyumba yetu." Huko wenye mikono myepesi wakaipeleka nje.

"Ifute," fundi akamwambia.

"Nimeifuta sasa hivi. Lakini shangazi kaiona."

Shangazi yake Lenzi, dada wa marehemu baba, hapitwi na kitu. Alikuwa ameshaandika kundini: "Mbona hapo chini naona kiatu cha wifi? Au ni macho yangu?" Na chini yake Matroni akajibu: "Nimeona. Asanteni."

Wanaomjua Matroni wanasema heri akutukane kuliko akushukuru namna hiyo.

Jioni Lenzi akapiga, sauti iko chini.

"Mama anasema harusi isubiri."

"Isubiri nini?"

"Anasema anayecheka yeye akianguka, siku akifa atacheza ngoma."

"Lenzi, mimi sikucheka. Nilikuwa napiga kelele. Ngazi ilikuwa na maji, nikamwona anakanyaga. Si video unayo nzima, na sauti imo? Iweke kundini wasikie."

"Nitaiweka."

"Leo?"

"Leo."

Hakuiweka. Siku iliyofuata akasema umeme ulikatika. Ikafuata nyingine, akasema video imegoma kufunguka. Fundi akawa anashona na simu mapajani. Ikiita, sindano inasimama. Isipoita, anaigeuza kuitazama. Alishona mkono wa koti ndani nje, akaufumua, akaushona vilevile tena. Wateja waliingia wakitabasamu kwa namna ya mtu anayejua kitu. Mama yake mzazi akaacha kwenda kwa jirani, maana kila aendako anaulizwa Matroni kapatwa na nini.

Fundi akamwandikia Lenzi: "Imefunguka?"

Akajibiwa: "Bado mpenzi. Nahangaika nayo."

Mtu wa kuhangaika na video ambaye kazi yake ni video. Fundi akafunga duka asubuhi ile, akaenda.

Chumba cha kazi cha Lenzi kina pazia jeusi na nyaya zimetambaa kila mahali. Alikuwa amekaa na hedifoni masikioni, hakusikia mlango. Na kwenye kioo cha kompyuta, baraza ya kwao fundi, watu wanatembea, kila kitu kinaonekana safi.

"Kumbe imefunguka."

Lenzi akaruka kama aliyemwagiwa maji. Akaisimamisha video.

"Naomba usiisikilize."

"Kwa nini?"

"Naomba tu, mpenzi."

"Mimi nimekuwa kichekesho cha mji. Mama yangu hatoki nje. Sauti yangu ya kunitetea umeifungia humu ndani unaisikiliza peke yako. Kama hunitaki, sema, nirudi nikamalize sketi za watu."

"Ukiisikiliza hutakubali kuolewa kwetu."

Fundi akaichukua hedifoni, akaivaa, akabonyeza mwenyewe.

Kwanza alisikia viatu barazani. Halafu sauti ya shangazi, ya karibu kabisa na simu, ikiuliza: "Eti wifi, binti umemwonaje?"

Na Matroni akajibu, polepole, kama anayeonja chumvi: "Nimwoneje? Kiraka. Mwanangu kakosa kitambaa kizima, kaokota kiraka."

Shangazi akacheka. Viatu vikaanza kushuka. Ndipo ikaja kutoka mbali sauti ya fundi mwenyewe: "Mama, ngazi ina maji. Mama, simama." Kishindo. Miguu inakimbia. Na sauti ile ile, sasa iko karibu, inahema: "Nishike mimi, mama. Usiukanyage huo mguu. Nishike mimi."

Fundi akaivua hedifoni taratibu, kama mtu anayevua nguo yenye pini.

"Umejua tangu lini?"

"Tangu uliponiambia niiweke. Nilipotaka kuiweka, niliisikiliza kwanza."

"Ukaona heri mimi nionekane sina adabu, kuliko mama yako aonekane ana mdomo."

"Niliona nikiiweka, nakupoteza wewe na namwaibisha yeye. Nisipoiweka..."

"Usipoiweka unanipoteza mimi peke yangu. Bei nafuu."

Lenzi akaanza kukunja waya uliokuwa miguuni pake.

"Mama yako akinuna, dunia inasimama," fundi akasema. "Mimi nikilia, unajua nitanyamaza. Ndivyo ulivyotupima."

Akatoka. Alirudi dukani, akakaa mbele ya cherehani bila kuigusa. Aliniambia hapo ndipo pagumu kuliko pote. Angeweza kusema iwekwe nzima, kila mtu asikie nani alisema nini na nani alikimbilia nini. "Ningeshinda, bibi," akaniambia, "lakini ningekwenda kuishi wapi na huo ushindi?" Na kumwacha Lenzi hakuweza, na kumsamehe hakuweza, na kukaa kimya hakuweza. Mwisho akaandika ujumbe, akaufuta, akauandika tena:

"Ikate. Ianzie nilipomwita mama. Ya nyuma yabaki kwetu. Kesho mchana tunakwenda kwa mama yako wote wawili, na wewe utasema mbele yake kosa ni la nani. Ukishindwa usinipigie tena."

Jibu likachelewa mpaka akadhani halitakuja.

"Nitakuja kukuchukua."

Njiani hawakusemezana. Fundi hakujua kama huyu aliye pembeni yake atafungua mdomo au atameza mate akifika. Nadhani hata Lenzi hakujua.

Matroni alikuwa sebuleni, mguu ameulaza kwenye mto juu ya kigoda. Shangazi alikuwa mkekani, anachambua mchele. Fundi akapiga goti, akaamkia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Karibuni. Aliyekuja kucheka akae mbele, aone vizuri."

Lenzi akafungua laptopu mapajani. Akakosea neno la siri. Akakosea tena. Fundi akatazama ukuta.

"Mama," Lenzi akaanza, akakohoa. "Ile picha niliikata mimi. Niliikata bila kusikiliza, nikaituma bila kutazama. Mwenzangu hakucheka. Halafu nikajua hakucheka, na bado nikakaa kimya. Kosa ni langu lote."

"Na mdomo ule ulikuwa unafanya nini, unapiga miayo?"

"Sikiliza, mama."

Akabonyeza. "Mama, ngazi ina maji. Mama, simama." Kishindo. Miguu inakimbia. "Nishike mimi, mama."

Matroni akazungusha kidole hewani, maana yake rudisha. Ikarudishwa. Akasikiliza tena, safari hii amefumba macho.

"Hii inaanzia katikati," akasema.

Mtu aliyekagua mabweni miaka yote hiyo anajua shuka iliyovutwa kuficha kitu.

"Kabla ya hapo kuna nini?"

Shangazi akakumbuka sufuria jikoni, akainuka.

"Kaa, wifi," Matroni akamwambia. Akakaa.

Lenzi akatazama sakafu. Fundi ndiye aliyejibu.

"Kabla ya hapo hakuna cha kumwonyesha mtu, mama."

"Umesikia?"

"Nimesikia."

"Na nani kasema ikatwe?"

"Mimi."

Matroni akawa anauvuta uzi mmoja kwenye mkono wa kochi, anauvuta, anauvuta.

"Iwekwe kundini nzima," akasema mwisho. "Na la kwangu limo. Haki ni haki."

"Hapana, mama. Sitaki."

"Nakupa haki yako, unaikataa?"

"Ikitoka, itakuwa inarudi kila siku. Watoto wa ukoo wataniita hivyo mpaka nizeeke. Mimi nataka unisemeshe wewe, hapa. Mara moja inatosha."

Matroni akavua miwani.

"Wasichana wa watu niliwafundisha kuomba radhi wamesimama wima," akasema. "Mimi mguu haunipi, naomba nikiwa nimekaa. Nisamehe, mwanangu. Nilikuwa naona naporwa mtoto, nikakushushia wewe."

"Nimekusamehe. Lakini imeniuma, mama. Nakuambia ili ujue."

"Iume. Ungesema haikuumi ningekuogopa."

Kisha akamwagiza Lenzi amletee simu yake kutoka mezani, akaishika mbali na uso kama anavyofanya, akabonyeza pa kurekodi sauti:

"Ni mimi Matroni. Huyu binti hakunicheka. Aliniita nisianguke, nikachelewa kusikia, kwa sababu mdomo wangu ulikuwa kwenye kazi nyingine isiyo na maana. Ni mkwe wangu, na harusi iko pale pale. Mwenye ile picha aifute. Asiyeifuta asije kula."

Akaituma kundini. Halafu akamgeukia mwanawe.

"Na wewe, siku nyingine ukinitumia picha ya mkeo, ije na sauti."

Shangazi akainamia mchele, mabega yanatikisika, haikujulikana analia au anacheka, na hakuna aliyemuuliza.

Fundi alikwenda jikoni kuchemsha maji ya kuukanda ule mguu. Lenzi akamfuata, akasimama mlangoni.

"Na mimi umenisamehe?"

"Wewe kaa kwenye foleni. Kuna nguo za watu mbele yako."

"Foleni ndefu?"

"Ndefu." Akalijaribu joto la maji kwa kidole. "Lakini usitoke."

Akaukanda mguu mpaka Matroni akaacha kukunja uso. Matroni akameza kidonge chake cha maumivu, na haikupita muda akalala hapo hapo kwenye kochi, mdomo wazi. Shangazi akajinyoosha mkekani, uso kauelekeza ukutani, akalala naye. Lenzi, ambaye siku zote hizo hakuwa amelala kama watu, akasinzia kitini, laptopu imefungwa mapajani.

Fundi akabaki peke yake na jua la mchana dirishani. Simu ikatetemeka, watu wa kundini wanajibu. Akaigeuza kifudifudi. Alijiambia ataubadilishia mguu kitambaa cha moto mara moja tu, kisha aende, sketi za watu zinamsubiri. Akakibadilisha. Akakaa pembeni kwenye ncha ya kochi, pale palipobaki upana wa mtu mmoja mwembamba. Matroni usingizini akausogeza mguu wake usiouma, nafasi ikaongezeka. Fundi akaegemea, akaweka mkono chini ya shavu, akalala.