Jicho la Malaika

Haya yalimkuta rafiki yangu Anyelwisye, fundi rangi wa Tukuyu. Mama Esnath alimwita akarabati dari ya nyumba yake kuukuu, iliyochorwa na Mtaliano aliyewahi kupamba majumba ya mabwanyenye wa Uingereza. Mtaliano alikufa akiacha malaika mmoja wa darini bila macho.

"Usipoyachora leo, kazi basi," Mama Esnath alimwambia.

"Mama, macho aliyoyaacha fundi mwingine hayamaliziwi, ni mwiko."

Mchana mvua ikaleta giza. Anyelwisye akaosha brashi, akaitia mfukoni, akashuka kwenye jukwaa la miti alilopandia kufikia dari. Juu kukasikika shwa... shwa...

"Nani huko?"

Akamulika kwa simu. Malaika alikuwa na jicho moja, rangi yake bado mbichi, limemkodolea. La pili lilikuwa limeishia nusu. Mfukoni mwake, brashi ilikuwa inachuruzika rangi ileile.