Ushuhuda Ambao Nabii Hakuutarajia

Wenzangu, mimi si mtu wa kusengenya makanisa ya watu. Lakini kisa hiki cha Mutanu wa kule Wamunyu, Ukambani, nisipowasimulia kitanikaa kooni, na heri nikiteme mbele yenu, mnisute mkitaka.

Mutanu ni mke wa Mbithi, mchonga vinyago. Mkisikia vinyago msifikirie madude ya kutisha. Mbithi huchonga twiga, vifaru na miiko ya saladi inayopendwa na watalii. Yeye huchonga kwa ngomo, lile tezo dogo la Wakamba, na mkewe hupiga msasa. Jumamosi moja alasiri walikuwa uani wakifanya kazi hiyo. Binti yao Wanza, wa gredi ya nne, alikuwa akimpaka twiga rangi ya viatu ili ang'ae, huku akiimba wimbo wa shule ya Jumapili. Chai ilikuwa jikoni ikinukia. Hakuna aliyekuwa na haraka ya kwenda popote.

Wimbo ukakatika. Wanza alikuwa ameanguka, mwili umekakamaa, povu likimtoka mdomoni.

Mtoto huyu alikuwa na kifafa tangu alipokuwa mdogo. Dawa za hospitali ya kaunti kule Machakos zilikuwa zimekituliza kwa muda mrefu, hata majirani wakasahau. Siku hiyo, kumbe, alikuwa ameanza homa ya malaria, na homa huweza kukiamsha kifafa hata kwa anayemeza dawa vizuri. Alitibiwa malaria akarudi shule. Mambo yangeishia hapo, kama si ulimi wa jirani yao Ngina.

"Mama Wanza, mimi nakupenda ndio maana nakuambia," Ngina alisema akiwa ameegemea ua. "Hiyo si ugonjwa. Unaimba kwaya, unaomba, na mtoto bado anaanguka? Lazima kuna mlango umeacha wazi. Twende kwa Nabii Levi."

Neno hilo lilimchoma Mutanu, kwa kuwa alikuwa amejiuliza hivyo hivyo kimoyomoyo. Alimwimbia Mungu kila Jumapili kwa sauti inayotikisa mabati. Mbona Mungu hamponyi mtoto?

Nabii Levi alikuwa amepiga hema lake karibu na soko, na vipaza sauti vyake vilikuwa haviwapi watu hata nafasi ya kusikilizana. Ngina alipompeleka Mutanu kwake, nabii alimuuliza mumewe hufanya kazi gani. Aliposikia ni mchongaji, akafumba macho kama mtu aliyepata ufunguo uliopotea.

"Mama, nyumba yako imejaa nyuso! Unakaa na sanamu, unakula na sanamu, halafu unashangaa mtoto akiangushwa? Choma hizo vitu zote. Na hiyo dawa uwache. Huwezi kushika Mungu na mkono moja, tembe na mkono ingine. Ukitii, utapanda hapa utoe ushuhuda."

Jamani! Nimeishi miaka yangu yote katikati ya wachongaji, na sijawahi kusikia pepo aliyepanga chumba ndani ya mwiko wa saladi. Lakini mzazi aliyeshikwa na hofu hachekeshwi na neno lolote, na mimi simcheki.

Mbithi alikuwa amepeleka mzigo kwa mteja Athi River. Mutanu akawasha moto uani. Twiga wakaingia, vifaru wakaingia, miiko ikaingia. Mwishowe akachukua ngomo, ambayo Mbithi aliirithi kwa marehemu baba yake.

"Mama, hiyo ni ya Baba!" Wanza akalia.

"Nyamaza, mwaitu," alisema, neno la Kikamba la kumbembeleza binti. "Nakupigania." Akaitupa motoni. Kisha akaenda chooni na chupa ya dawa, akarudi mikono mitupu.

Mbithi aliporudi alikuta majivu. Hakufoka. Alikaa juu ya kigogo chake, akayatazama majivu yale, akasema tu, "Mutanu, si ungeniuliza." Mutanu alimweleza habari ya nabii. Ya dawa hakuyasema, na hapo ndipo alipokosea zaidi, kwa sababu mtoto hakuwa wake peke yake.

Siku kadhaa zikapita Wanza asianguke. Mutanu akaanza kujisifu moyoni. Basi asubuhi moja, akimfunga Wanza viatu vya shule, mtoto akaanguka. Degedege likatulia, kisha likaja jingine kabla hajazinduka. Halafu jingine. Mutanu akampigia nabii simu.

"Usimguse!" Levi akanguruma. "Ni pepo anatoka. Ukimpeleka hospitali, imani yako imekufa. Mtoto akikufa, ni juu yako!"

Mutanu akautazama uso wa binti yake. Midomo ilikuwa inageuka rangi. Aliona wazi kuwa huyu ni mtoto mgonjwa, mtoto wake. Si mlango, si laana. Akakata simu.

"Baba Wanza!" alipiga yowe, akimwita mumewe aliyekuwa nyuma ya nyumba. "Tafuta gari! Nilitupa dawa!"

Mbithi alikimbia kwa jirani mwenye Probox. Kwenye kituo cha afya Wanza alidungwa sindano ya kwanza, kisha ambulensi ikamkimbiza Machakos.

Mutanu na mumewe waliachwa kwenye benchi la ukumbini. Mutanu alijaribu kuomba kama alivyozoea, kwa ahadi na masharti: ukimponya nitafunga, ukimponya nitatoa hiki na kile. Maneno yakamkauka. Ndipo akasema yaliyobaki.

"Bwana, sina imani ya kukuonyesha. Niko na huyu mtoto tu. Mimi na yeye tuko mikononi mwako, aamke, asiamke."

Ndugu zangu, amani ilimjia pale pale, kabla ya daktari kutokea na kabla ya habari yoyote njema. Hofu haikwisha, lakini iliacha kumtawala. Alilia, na ilikuwa nafuu kulia. Akamweleza mumewe kila kitu bila kujitetea.

Mbithi akamshika mkono. "Mimi pia niliogopa," alisema. "Nilikuwa nachonga na nachonga ndio nisiongee."

Kesho yake Wanza alifumbua macho akauliza kama amechelewa shule. Mbithi, mtu mzima, alitoka nje akaenda kulilia karibu na lango.

"Atapona kabisa?" Mutanu alimuuliza daktari.

"Huenda, akiendelea kukua. Wengine hupona, wengine huishi nacho. Dawa itachukua muda kukaa sawa mwilini, kwa hivyo anaweza kuanguka tena. Akianguka, mlaze kwa ubavu, weka kitu laini chini ya kichwa, usimtie chochote mdomoni. Na wewe utulie."

Walipotoka hospitali, Jumapili ya kwanza wote watatu walienda kwenye hema. Levi alipomwona Wanza amesimama kwa miguu yake, alijua ushindi ni wake.

"Pepo ametoka!" akapaza sauti. "Mama, panda utoe ushuhuda!"

Mutanu akapanda na Wanza, akapokea maikrofoni. "Bwana asifiwe!"

"Amina!"

"Mtoto wangu yuko hai." Vigelegele vikapigwa. "Yuko hai kwa sababu nilikata simu ya nabii."

Akamgeukia mumewe kule kwenye viti.

"Nilichoma kazi ya bwanangu. Nilitupa dawa. Nilifikiria Mungu amekasirikia nyumba yetu. Hakuwa amekasirika. Alikuwa na sisi tukiwa uani, alikuwa na sisi hospitali. Na hii dawa," akainua chupa mpya, "mimi namshukuru Mungu kwa hii dawa!"

Levi akaashiria, na maikrofoni ikazimwa. Wapi! Alikuwa amesahau kuwa mwanamke huyu ni wa kwaya. Mutanu aliendelea kwa sauti yake mwenyewe, hadi wauza nyanya sokoni wakageuka kusikiliza.

Hapo Wanza akaanguka.

Watu wakapiga mayowe, viti vikapinduka. "Mmeona!" Levi alirukaruka. "Mmeona!"

Mutanu alipiga magoti. Akamlaza mtoto kwa ubavu, akakunja sweta lake akaliweka chini ya kichwa.

"Msiogope," alisema. "Msimshike. Inapita."

Akaanza kuimba polepole, wimbo wa sifa. Mbithi, asiyejua kuimba hata kidogo, akaitikia. Mama mmoja akaitikia, kisha safu nzima, kisha hema lote, na vipaza sauti vya nabii havikufua dafu. Degedege likapita. Wanza akafumbua macho.

"Mama, ni nani wanaimba?"

"Ni sisi, mwaitu. Ni sisi wote."

Walipokuwa wakitoka, mwanamke mmoja alimvuta Mutanu kando. "Mimi pia niko na wangu," alinong'ona. "Nimemficha kwa nyumba." Nyuma yake walisimama wengine, na nyuma yao Ngina, akifuta machozi. Wiki hiyo Mutanu aliongoza kundi zima la akina mama na watoto wao hadi Machakos. Levi alikunja hema lake akahama bila kuaga.

FUNZO

Ukimwona mwenzako anateseka, usimuulize amefanya dhambi gani. Msaidie kumbeba mgonjwa wake. Anayekuambia uchague kati ya Mungu na dawa anakudanganya, hata akinguruma vipi. Wanza bado anameza tembe zake, na mara chache bado anaanguka, lakini katika nyumba ile hakuna tena anayemwogopa. Kristo mwenyewe aliomba mateso yamwondokee, na hayakumwondokea, wala Baba yake hakumwacha milele kaburini. Basi wewe unayemficha mgonjwa kwa kuogopa maneno ya watu, mtoe nje leo. Mpeleke hospitali, na umwombee njiani.