Alama ya Wino Kwenye Lenzi

Kila siku wakitoka shule, Chiriku na mdogo wake walipitia kwenye duka la shangazi yao, fundi wa kamera za zamani. Kwa mwaka mzima Chiriku ndiye aliyekaa ubavuni mwa shangazi akisafisha lenzi. Mwezi huu mdogo wake naye alikuwa ameanza kujifunza.

Jumatatu, shangazi alitoa lenzi iliyokwama, pete yake ya kulengea haizunguki.

"Grisi ya ndani imekauka, imekuwa kama gundi," alisema. "Ni ya Babu Mpigapicha. Jumamosi mjukuu wake anaolewa, na mzee hataki kupiga picha za harusi kwa nyingine. Chiriku, hebu jaribu."

Chiriku alikazana kuizungusha mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Wapi! Mdogo wake akadondosha spiriti kidogo, akasubiri, akazungusha taratibu. Pete ikalegea.

"Huyu ana mkono mwepesi!" shangazi akafurahi.

Maneno hayo yalimchoma Chiriku. "Hata bisibisi nilimfundisha mimi kuishika," aliwaza.

Mdogo wake aliifungua lenzi, akatia alama ya wino kwa nje, pale nyuzi zake, ile mikato kama ya skrubu, zilipoachana, ili azirudishe palepale. Akasugua grisi kuukuu kwa mswaki, kisha akaenda kunawa. Shangazi alikuwa mlangoni na mteja. Chiriku akachukua pamba yenye spiriti, akaifuta alama ile.

Mdogo wake aliporudi aliitafuta asiione. Akaunganisha kwa kubahatisha. Shangazi aliifunga lenzi kwenye kamera, akatazama tangi la maji lililokuwa mbali, juu ya paa. Akaona ukungu mtupu.

"Hukuweka alama?"

"Niliweka, shangazi! Haki ya Mungu!"

"Usiniletee visingizio. Kesho hugusi lenzi."

Chiriku alidhani angefurahi. Lakini nyumbani mdogo wake alisukuma sahani pembeni, akasema kwa sauti ndogo, "Dada, labda kweli nilisahau. Nisaidie kuandika hatua zote daftarini, nisikosee tena."

Chiriku alianza kuandika, lakini alipofika hatua ya kutia alama akaweka kalamu chini. Kesho yake, kabla hata hajatua mkoba, alisema, "Shangazi, alama niliifuta mimi. Nilimwonea wivu."

Mdogo wake alimkodolea macho. Shangazi akamgeukia mdogo.

"Nisamehe, mwanangu. Ulisema kweli nami sikukusikiliza." Akamsogezea Chiriku lenzi. "Nyuzi hizi zina milango sita ya kuingilia, na sahihi ni mmoja tu. Utautafuta wewe."

"Tutautafuta wote," mdogo wake akasema, ingawa bado alikuwa amenuna.

Walifungua na kufunga hadi vidole vikauma. Mlango wa tano, tangi likaonekana wazi, hata kutu yake. Wakatia alama upya, wakapaka grisi nyembamba, maana ikizidi huchafua kioo. Ijumaa, Babu Mpigapicha aliizungusha pete kwa vidole viwili, akacheka kama mtoto.

Alipoondoka, shangazi aliwakalisha wote wawili.

"Chiriku, nilipomsifu mdogo wako, ulidhani nimekunyang'anya sifa zako. Sikukupunguzia kitu. Lakini ulipoharibu kazi yake, karibu tumkoseshe mzee picha za mjukuu wake, na mtoto huyu akaanza kujiona mjinga. Siku nyingine wivu ukikushika, njoo uniambie waziwazi, 'Shangazi, nami nataka kusifiwa.' Hakuna aibu kusema hivyo. Na leo nakusifu: kukiri kosa kulikuwa kugumu kuliko kufungua lenzi yoyote humu ndani."