Blanketi ya Mjane Asiyekuwepo

"Clifford, mbona umesimama mlangoni? Ingia basi, mvua hiyo inakuja!"

Chepkurui alikuwa nyuma yangu kwenye ngazi, ananisukuma mgongoni huku akicheka. Mimi nilikuwa nimeganda, mkono kwa komeo. Kwenye kile kitanda, miguuni, ilikuwa imekunjwa blanketi ya kufuma kwa mkono. Maruni na manjano, halafu mistari mitatu ya kijani pembeni.

Niliijua. Hata ningefumbwa macho ningeijua.

"Naangalia kama pako safi," nikasema.

"Usafi gani, na ni mimi nimechagua? Songa!"

Niliruka ndani, nikatupa jaketi langu juu ya ile blanketi, nikajifanya kukaa kitandani kuonja godoro. Yeye alipoenda moja kwa moja kwa dirisha, nikaisukuma chini ya kitanda na kisigino. Nyinyi mnaosoma hii mkicheka, chekeni tu. Mwanaume wa miaka thelathini na mbili, fundi wa mashine za kukausha chai, anapigana na blanketi.

"Aki Clifford, kuja uone!"

Na kweli palikuwa pa kuonwa. Ni nyumba ya mbao juu ya mti mkubwa wa asili, pale juu ya Kedowa, mti waliouacha katikati ya shamba la chai. Upande mmoja wote ni kioo. Majani chai yalienda hadi bondeni, ukungu ukipanda pole pole, na wachuna majani wakikimbilia kibanda cha kupimia kabla mvua iwafikie.

"Kulikuwa na vyumba vingine," akasema. "Kimoja wametengeneza kwa trela ya trakta, ile ya kubeba majani. Kingine kiko ndani ya tangi ya maji ya zamani. Lakini nilipoona hii ya juu ya mti nikasema, hapa ndipo nitapumzika na mtu wangu kabla ya koito."

Koito ni siku wazee wa upande wa kijana wanaenda kwa kina msichana kuzungumza mambo ya ndoa. Yetu ilikuwa Jumamosi iliyofuata, kwao Chepseon. Alikuwa amenificha mahali tunaenda hadi pikipiki ilipokata kona ya Kedowa. Ilipokata ile kona, nikaanza kuomba iwe ni kwingine.

Kwa sababu mimi nilikuwa nimelala hapo. Mwaka jana, mwezi wa nne. Si na yeye.

"Mbona kimya? Hupapendi?"

"Napapenda sana."

"Usidanganye. Una baridi ama una njaa?"

"Baridi," nikasema. Hilo ndilo neno la kijinga zaidi nimewahi kusema maishani.

Mvua ya mawe ikashuka, mabati yakapiga kelele hadi tukaacha kuongea. Katikati ya hiyo kelele mlango ukabishwa. Akaingia mama mmoja na mwavuli, chupa ya chai na vikombe viwili kwa sinia. Alikuwa Dolphine, yule anayetunza nyumba. Aliniona, akasimama nusu hatua, halafu akaendelea kama hajaona kitu.

"Karibuni wageni. Poleni na baridi. Ile blanketi nzito mmeiona? Niliiacha hapo kitandani."

"Blanketi gani?" Chepkurui akauliza.

"Ya kufuma. Wageni wote wanaipenda. Ai, iko wapi?"

Chepkurui akainama, akainua shuka, akaivuta kutoka chini ya kitanda. Akaikung'uta. Akaanza kuikunja, kisha mikono ikasimama.

"Clifford."

"Eeh?"

"Hii ni ya mama."

Nikainama kufunga kamba ya kiatu.

"Hii ni ile blanketi mama alifumia mjane wa anko yako. Angalia kijani hapa. Uzi wa manjano ulimwishia, nikafumua sweta yangu ya shule ya msingi ndio amalizie. Mimi mwenyewe nilifumua, uzi kwa uzi!"

Acha nieleze, ndio mjue mimi ni mtu wa aina gani. Mwaka jana kulikuwa na msichana anaitwa Maxine, wa ofisi moja mjini Kericho. Tulipanga wikendi. Ili nipate nafasi, nilimwambia Chepkurui kwamba anko Okello wa Homa Bay amefariki, na lazima niende matanga. Mtu wa kwetu akisema ana matanga nyumbani, nani atamuuliza swali? Mama yake akasikia. Vidole vyake vinavimba kila msimu wa mvua, lakini alifuma siku tatu, akanipa hiyo blanketi mkononi: "Mpelekee huyo mama. Kulala peke yako kuna baridi." Nami nikaibeba, kwa sababu ningeiweka wapi? Ikaja hapa juu ya mti. Ilikuwa ndogo, ya mtu mmoja. Mimi na Maxine tukavutana nayo hadi asubuhi. Nilipoondoka niliiacha makusudi, sikutaka kuiona tena. Yeye na mimi tuliisha mwezi huo huo, lakini hilo si la kujisifia.

Na anko Okello? Yuko hai. Anavuta baiskeli yake kila siku kwenda sokoni.

Chepkurui alikuwa amegeukia Dolphine.

"Dada, wewe ni wa wapi?"

"Homa Bay."

"Ahaa! Sasa naelewa. Ulikuwa kwa yale matanga, sivyo? Matanga ya Okello, mwezi wa nne. Mjane amelala na machozi yake, wewe unambebea blanketi unaileta huku kwa wageni!"

"Dada, mimi sijaiba. Iliachwa hapa na wageni."

"Wageni gani?"

Dolphine akanitazama. Alinitazama vizuri, sekunde kama tatu. Nilijua anakumbuka kila kitu, maana asubuhi ile mwaka jana ni yeye alituletea mayai.

"Tunapokea watu wengi," akasema, macho chini. "Sura nasahau."

"Uongo! Nampigia mwenye hapa sasa hivi. Rebeccah ndiye alinipokea kwa simu, atajua ni nani ameajiri. Na Jumamosi shangazi ya Clifford, huyo mjane, akikuja na wazee, nitamrudishia blanketi yake na mikono yangu."

Dolphine alikuwa bado amesimama na sinia yake. Chepkurui akabonyeza simu. Nikasikia ikiita. Mlango wa kutokea ulikuwa wazi kabisa mbele yangu. Nyamaza tu, Clifford. Nyamaza na huyu mama apoteze kazi, na wewe upate bibi.

"Haloo, Mama Rebeccah? Kuna jambo hapa kwa nyumba ya mti..."

"Kata simu," nikasema.

"Ngoja, naongea."

"Chepkurui, kata simu. Ni mimi niliiacha hapa."

Akateremsha simu polepole. Huko ndani sauti ilikuwa bado inasema haloo, haloo.

"Uliiacha hapa vipi?"

"Sikuenda Homa Bay. Hakukuwa na matanga. Anko hajakufa. Nilikuja hapa."

"Na nani?"

"Maxine."

"Maxine yupi? Yule ulisema ni dada wa kwaya?"

"Huyo."

Dolphine akaweka sinia chini, akachukua mwavuli wake. Chepkurui akamzuia mkono.

"Usitoke, dada. Nisamehe. Nimekuita mwizi na mwizi nimekuja naye."

Hakupiga kelele. Hilo ndilo liliniua. Alikaa kitandani, akaweka blanketi magotini, akawa anapitisha kidole kwa ile mistari ya kijani.

"Mama huuliza kila mwezi," akasema. "Huniuliza, yule mjane anaendeleaje? Blanketi inamfaa? Na mimi namwambia Clifford anasema inamfaa."

"Nisamehe, Chepkurui. Najua ni..."

"Mpigie."

"Nani?"

"Mama. Mpigie umwambie ilikolala. Weka sauti juu nisikie."

Jamani, nimewahi kuingiza mkono kwenye mashine yenye moto. Hiyo ilikuwa rahisi.

"Clifford! Chamgei!" Mama yake, Mama Kipruto, alishika simu ikiita mara moja tu, akinisalimia kwa Kikalenjini kama kawaida. "Mmefika salama? Huko kunanyesha?"

"Kunanyesha, mama. Mama, nina neno. Ile blanketi..."

"Ya mjane? Inamfaa?"

"Hakuna mjane, mama."

"Hakuna? Naye pia amekufa? Woi!"

"Hapana. Anko Okello hakufa. Nilidanganya. Nilitaka kwenda mahali na msichana mwingine, nikasema ni matanga. Blanketi yako nililala nayo huko, nikaiacha."

Mvua ilikuwa imepungua, nikasikia kuku wa kwao kule Chepseon.

"Okello yuko hai?"

"Yuko hai, mama."

Akavuta pumzi ndefu. "Mungu ashukuriwe," akasema. "Nimemwombea bibi yake mwaka mzima."

Mimi nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Matusi ningeyabeba. Hiyo shukrani ilinivunja, nikalia mbele ya wanawake wawili kama mtoto, simu mkononi.

"Chepkurui yuko hapo?" mama akauliza.

"Niko, mama."

"Rudi nyumbani ukitaka. Ukitaka kukaa, kaa. Lakini huyo asikae na wewe."

Chepkurui akaniangalia mara ya kwanza tangu niseme.

"Umesikia. Chumba ni changu, nimekitafuta mwezi mzima. Shuka wewe."

Nikashuka ngazi nikiwa na jaketi tu. Nilipofika chini nikamsikia akimwambia Dolphine, "Kaa tunywe hii chai, dada, isipoe."

Jumapili jioni meseji ikaingia: "Mama na mzee Kipsang wa ukoo wetu wanasema Okello aje Jumamosi. Wanataka kumwona akitembea. Wewe usivuke geti."

Nikapiga Homa Bay.

"Anko, kuna mahali nataka uende na mimi. Lakini kwanza, nilisema umekufa."

"Nilikufa?"

"Mwaka jana."

"Nilikufa na nini?"

"Presha."

"Omera, wewe kijana, mimi sina presha! Na unataka niende wapi sasa, kuzikwa?"

Nilimweleza yote. Alinitukana kwa lugha mbili, akakata simu, akapiga tena kunitukana alichosahau. Lakini Jumamosi alikuja, na koti lake la kanisa.

Nilisimama nje ya geti, karibu na nyasi za ng'ombe, kutoka saa nne hadi saa nane. Kila anayepita ananisalimia, "Hauingii?" Namjibu, "Nangoja mtu." Kutoka ndani nilimsikia anko akisema, "Mimi ndiye marehemu," na watu wakacheka kidogo, halafu wazee wakaanza kumuuliza maswali.

Aliyetoka ni Chepkurui, na mfuko wa karatasi.

"Anko wako amepewa mursik, kibuyu kizima cha maziwa. Ameomba msamaha vizuri. Koito haikufanyika."

"Nimeelewa."

"Mama ameifumua yote. Usiku wa jana, mstari kwa mstari." Akanipa mfuko. Ndani kulikuwa na mabonge ya uzi, maruni, manjano, na kabonge kadogo ka kijani, na sindano ya kufumia. "Anasema uifume tena. Kila Jumapili baada ya kanisa uje akague. Akikosa kuipenda, anafumua."

"Na wewe unasemaje?"

"Mimi sijasema kitu."

Hivyo ndivyo nilianza, nikijifunza kwa video za simu. Kiwandani, wakati wa chai, nilikuwa nakaa nyuma ya boila na sindano. Kebaso tunayefanya naye kazi alinikuta siku ya pili.

"Fundi! Ni nini hiyo? Soksi?"

"Blanketi."

"Ya nani?"

"Ya mtu nilimkosea."

Alitaka kucheka, akaangalia uso wangu, akaniletea kiti.

Kila Jumapili nilikaa kwa benchi ya Mama Kipruto. Alikuwa akipitisha vidole vyake vilivyovimba juu ya kazi yangu, tundu kwa tundu.

"Hapa umeruka tundu. Ulidhani sitaona?"

"Pole, mama."

"Fumua."

Jumapili moja alifumua kazi ya wiki tatu. Nilirudi Kericho jioni hiyo na bonge la uzi nikamwambia Mungu, sawa tu, hii ni haki. Chepkurui alikuwa akipita uani na ndoo, ananisalimia kama mgeni wa mama yake. Sikumwomba kitu. Nilikuwa nimeomba vya kutosha kwa mdomo, na mdomo wangu ndio ulioua anko.

Ilichukua miezi minne. Jumapili iliyopita nilifika kwa mistari ya kijani. Nikafuma miwili, wa tatu ukamalizikia pale pale kwa benchi, mama akiangalia. Akaitandaza magotini. Akaipima na viganja vyake, akaigeuza, akatafuta kosa, akakosa.

"Imefika," akasema. "Ni saizi ile ile. Kongoi, asante, Clifford."

Ilikuwa mara yake ya kwanza kuniita jina tangu ile simu.

Chepkurui alikuwa amesimama mlangoni, sijui tangu saa ngapi. Akaja, akashika ncha moja ya blanketi, akanipa nyingine, akavuta hadi ikanyooka katikati yetu.

"Mama, haijafika," akasema.

"Haijafika wapi? Nimepima mimi mwenyewe."

"Hii ni ya mtu mmoja." Akaingiza mkono mfukoni, akatoa mabonge mawili mapya ya uzi wa manjano, bado yana karatasi ya duka. Akayaweka magotini mwangu bila kunitazama. "Aongeze. Mimi silali nikivutana na mtu blanketi."

Mama yake akaingia jikoni, akasema anaenda kuangalia chai.

Nikatafuta sindano, na macho yalikuwa yamejaa hadi sikuiona. Ni yeye aliyeiokota chini, akanishikisha.