Saa Mbili ya Mtambo

Saluni ya shangazi ilifunguliwa saa mbili asubuhi, na ikifika saa mbili na robo habari zote za mtaa zilikuwa zimeshachambuliwa, zikaongezwa chumvi na kutumwa nyumba ya pili. Nani kahama, nani kanuna, nani kanunua sofa lisiloingia mlangoni. Katikati ya gumzo hilo, mtoto wa kaka wa mwenye saluni alifagia nywele, akakunja taulo na kulisha samaki. Ilikuwa likizo ya shule.

Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, na jina lake halisi lilibaki kwenye daftari la shule. Kila mtu alimwita Najua. Ukimwambia jambo, kabla hujafika nusu, yeye keshajibu, "Najua!" Na kusema kweli, mara nyingi alijua.

Tangi la samaki lilikaa mbele ya viti vya kusukia. Ndani yake waliogelea samaki saba wadogo wenye mstari mwekundu ubavuni, kati ya mimea ya majini. Samaki walinawiri, lakini mimea ilikuwa imesinyaa, majani yana matundu kama soksi kuukuu.

"Dada, haya si mapambo," alisema Mama Pacha, mteja asiyekosa kiti hata siku ambayo hasuki. "Hizi ni mboga za juzi umeziloweka."

Saluni nzima iliangua kicheko. Shangazi naye alicheka, lakini maneno hayo yalimchoma. Siku ya Jumatatu akamwita fundi wa majokofu, mzoefu wa mitungi ya gesi.

Fundi alikuja na mtungi wa chuma wenye urefu wa mkono mmoja, akausimamisha pembeni na kuufunga ukutani kwa mkanda ili usianguke.

"Humu mna kaboni dayoksaidi," alieleza, "gesi ileile inayotoa mapovu kwenye soda. Mmea ukipata mwanga na gesi hii, unajitengenezea chakula. Ninyi mmeupa mwanga mkausahau mlo."

Juu ya mtungi alifunga regyuleta ya kupunguza nguvu ya gesi. Akaunganisha mpira mwembamba, koki ndogo, kichupa cha kuhesabia mapovu, na kijiwe cha kusambaza gesi ndani ya maji. Alipofungua, alipaka povu la sabuni kwenye kila kiungo. Kiungo kimoja kikatoa mapovu.

"Kinavuja!" Najua aliruka.

"Ndiyo maana napaka," fundi alisema, akikaza nati. Alipaka tena, na safari hii povu lilitulia. "Mimi mkono wangu siuamini mpaka niukague. Sasa tazama kichupa hiki kingine ndani ya tangi. Maji yake yakiwa ya bluu, gesi ni kidogo. Yakiwa ya kijani, ni sawasawa. Yakiwa ya njano, imezidi, na samaki watahema."

"Najua, Fundi!"

"Umejua lini na mimi nimesema sasa hivi?" Fundi alicheka, akampa karatasi. "Haya, wewe mtaalamu wa simu. Tega hii swichi ya saa, ifungue na kufunga gesi yenyewe. Taa shangazi yako ataziwasha mwenyewe."

Karatasi iliandikwa kwa kalamu nene: *Gesi ifunguke saa mbili, ijifunge saa kumi. Taa ziwake saa tatu.* Najua alibonyeza vitufe haraka kama anayetuma ujumbe.

"Nisomee ulichoweka," fundi alisema, akikusanya spana zake.

"Nimekagua mara mbili, Fundi!"

Hakuwa amekagua hata mara moja. Alitaka tu wateja waone jinsi alivyo mwepesi, na kweli walimpigia makofi.

Jumanne asubuhi walipofungua mlango, samaki wote saba walikuwa juu ya maji, midomo nje, wanahema. Kichupa kilikuwa cha njano.

Shangazi alichota maji kwa jagi na kuyamimina kutoka juu ili yaingie hewa, mpaka samaki wakashuka. Najua akapunguza koki. Lakini mchana kichupa kiligeuka bluu, na mapovu hayakuonekana kabisa.

"Nimpigie fundi?" shangazi aliuliza.

"Aa, Shangazi, najua nitakavyofanya!" Najua akaiongeza koki kuliko mwanzo.

Jumatano mambo yaliharibika zaidi. Samaki sita walihema juu ya maji. Wa saba, mdogo kuliko wote, alilala ubavu juu ya jani.

"Huo mtambo ni mbovu," Mama Pacha alitangaza, nusu ya kichwa kimesukwa na nusu kimesimama wima. "Asubuhi gesi inafurika, mchana haipo. Si inavuja? Fundi kawapa chuma chakavu. Jokofu langu halikanyagi kwake tena, na wenzangu nawaambia leo hii!"

Walipaka povu la sabuni kila mahali, wasione hata povu moja likikua. Shangazi alichukua simu. "Fundi, njoo uchukue mtambo wako. Samaki wangu wanakufa." Hakusalimia wala hakuaga.

Najua alisimama kwenye tangi akimimina maji kwa jagi, macho kwa yule samaki aliyelala. Mara akasikia mlio mdogo ukutani: tak! Mapovu yakakatika.

Alitazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa nne kamili. Akatazama swichi. Kwenye kioo chake kidogo palisomeka 10:00.

Jagi lilimwelemea mkononi. Saa kumi ya fundi ilikuwa saa kumi ya alasiri. Lakini yeye alibonyeza 10, na kabla ya hapo alibonyeza 2. Swichi haikuzaliwa mtaa huu. Haihesabu saa kuanzia jua linapochomoza, inahesabu kuanzia katikati ya usiku. 02:00 yake ni saa nane ya usiku! Kwa hiyo gesi ilimwagika gizani, wakati mimea haiihitaji, ikajaa mpaka asubuhi. Taa zilipowaka na mimea kuanza kula, haukupita muda gesi ikajifunga.

Alijua angeweza kunyamaza. Kubonyeza vitufe vinne ni kazi ya kupepesa jicho. Mtambo ungepona, na lawama ingebaki kwa fundi.

Wakati huohuo fundi akaingia, begi la vifaa begani.

"Karibu, muuza chuma chakavu!" Mama Pacha alimpokea.

Fundi alitua begi. Aliinama kukagua kiungo kimoja kimoja, uso umemwiva kwa aibu. Najua aliweka jagi chini.

"Shikamoo, Fundi. Usihangaike na viungo. Kosa ni langu."

Hata Mama Pacha aligeuka kitini kusikiliza.

"Nimeweka saa mbili na saa kumi kwa namba ya mtambo. Gesi inafunguka saa nane ya usiku. Na nilikudanganya. Sikukagua." Akamgeukia mwenye saluni. "Shangazi, fundi hana kosa."

Shangazi aliliokota jagi na kuendelea kumimina maji. Fundi naye alijikuna kidevu.

"Na mimi ningeandika *asubuhi*," alisema. "Pia sikupaswa kuondoka bila kusomewa. Njoo utege upya."

Safari hii Najua alibonyeza polepole, kisha akasoma kwa sauti: "Kufungua, 08:00, yaani saa mbili asubuhi. Kufunga, 16:00, yaani saa kumi alasiri." Wakabadilisha nusu ya maji na kurudisha koki kwenye povu moja kila sekunde.

Alasiri yule samaki mdogo alitikisa mkia, akajiinua, akawafuata wenzake. Ijumaa kichupa kilikuwa cha kijani kama jani changa, na kwenye ncha za mimea yalichungulia majani mapya. Mama Pacha alimletea fundi jokofu lake, akajifanya hakuwahi kusema kitu.

"Mwanangu," shangazi alisema wakikunja taulo, "kukosea saa si dhambi, hata mimi ningekosea. Ulichokosa ni kusema umekagua na hujakagua. Uongo huo mdogo ndio uliowalaza samaki ubavu. Lakini ulisimama mbele ya watu wote ukamsafisha mtu jina lake. Kazi ya kuangalia swichi itaendelea kuwa yako. Unajua kwa nini?"

Najua alifungua mdomo, akaufunga. Kisha akatabasamu.

"Sijui, Shangazi. Niambie."

"Jamani, tegeni sikio!" Mama Pacha alipiga kelele kutoka kitini. "Najua hajui! Habari hii lazima nitoke nayo mimi wa kwanza!"