Bwana Shauri na Buni za Wageni

Katika nyumba ile ya Temeke, mtu wa kwanza kuamkiwa kila siku alikuwa Kokuberwa, na aliyemwamkia alikuwa ndege. Alipofungua tu mlango wa uwani, huku macho bado mazito kwa usingizi, alisikia sauti nzito ya kizee ikimwambia, "Shikamoo." Msichana wa miaka kumi na mmoja kupewa shikamoo si jambo dogo. Kokuberwa alijinyoosha, akakohoa kidogo kama bibi mwenye wajukuu ishirini, akajibu, "Marahaba." Ndipo kazi ilipoanza.

Ndege huyo alikuwa kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu. Baba yake Kokuberwa, Bwana Ansbert Kamugisha, alikuja naye kutoka Bukoba alipohamishiwa Dar es Salaam kuwa karani bandarini. Walivuka ziwa kwa meli, kisha wakapanda gari moshi, kasuku yumo ndani ya kikapu, akipiga mbinja kila stesheni hata abiria walioshuka kununua ndizi wakarudi mbio wakidhani treni inawaacha. Miaka ile ya Mwingereza, Bwana Shauri alikuwa ofisa aliyeketi kusikiliza kesi na malalamiko ya watu. Kasuku naye ukimwambia neno aliinamisha kichwa upande, akafumba jicho moja, akakusikiliza mpaka ukamaliza. Basi Bi Tabu, mwenye nyumba, akamwita Bwana Shauri, na jina likamkaa.

Kazi yenyewe Kokuberwa aliijua kwa moyo. Alitoa gazeti la jana lililotandikwa chini ya kizimba, akatandika jingine. Alisugua kibakuli cha maji kwa majivu, akakisuuza mara mbili. Aliweka mtama, alizeti, kipande cha papai na jani la mchicha, na juu ya yote pilipili moja nyekundu, ambayo Bwana Shauri aliitafuna kama peremende bila hata kupepesa jicho. Jumamosi ilikuwa siku ya kuoga. Kokuberwa alichovya tawi la majani katika ndoo, akamnyunyizia, naye alitandaza mbawa na kumgombeza kwa lugha isiyojulikana na mtu. Mwishoni alituliza manyoya akasema, "Waitu." Hilo ni neno la adabu la Kihaya, alilofundishwa na Mama, na yeye alilibandika popote alipopenda.

Siku moja, hata hivyo, Kokuberwa alisahau kufunga komeo la kizimba. Bwana Shauri alitoka akaenda moja kwa moja kwenye kamba ya nguo, akang'oa vifungo vitano vya shati la Baba la kazini, akavivunja kimoja kimoja. Baba alikwenda bandarini shati limeshikizwa kwa pini. Jioni alimketisha binti yake akamweleza mambo mawili. La kwanza, asimpe kasuku kitu chochote kipya kabla ya kumuuliza yeye, kwa sababu tumbo la ndege si tumbo la mtu. La pili, ndege ni kiumbe hai, si mwanasesere. Ukitokea uzembe mmoja tu mwingine, atampeleka kasuku kwa Padri wa kanisa lao, ambaye ana ua mkubwa na amekuwa akimtamani siku nyingi. Baba hakuwa mtu wa kutisha watoto bure, na Kokuberwa alilijua hilo. Tangu siku ile hakusahau komeo tena.

Jumapili moja, familia iliporudi kanisani, alifika mgeni kutoka Bukoba, binamu yake Baba aitwaye Theonest. Akafungua mzigo wake, akatoa buni za kahawa za kutafuna, zilizofungwa kwenye jani kavu la mgomba. Kwa Wahaya, buni hizo huchemshwa pamoja na majani yenye harufu nzuri, zikakaushwa, na mgeni hapewi chochote kabla ya kupewa hizo. Tena mwenyeji hutafuna kwanza mbele ya macho ya mgeni, ndipo amsogezee kikapu, ili mgeni ajue hakuna sumu. Siku hiyo Kokuberwa ndiye aliyepewa heshima ya kupitisha kikapu, na alikipitisha kwa mikono miwili, amepiga goti vizuri, hata Theonest akasema mtoto huyu hajasahau kwao. Kutoka uwani ikasikika sauti, "Karibu, waitu." Wote wakacheka.

Baada ya chakula, Baba na Mama walimsindikiza mgeni. Kokuberwa akabaki na kikapu mkononi, sifa za mgeni bado zinamvuma masikioni. "Karibu, waitu," kasuku akaita tena. Kokuberwa akaona ni aibu: anayewakaribisha wageni kila siku, mwenyewe hajawahi kukaribishwa. Akaenda mbele ya kizimba, akapiga goti, akatafuna buni moja kwanza kama inavyotakiwa, akapitisha nyingine kati ya nyaya. Bwana Shauri akaipokea kwa mguu, akaipasua. Akataka ya pili. Akataka na ya tatu. Neno la Baba lilimpitia Kokuberwa kichwani, lakini alijiambia kwamba buni ni chakula cha heshima, haiwezi kumdhuru mtu.

Mwanzoni ilikuwa kichekesho. Baada ya muda mfupi Bwana Shauri alianza kusema, na hakunyamaza. Shikamoo, hodi, karibu, waitu, mbinja ya treni, kikohozi cha Baba, vyote kwa pamoja. Bi Tabu alitoka chumbani kwake, na mjukuu wake Mwanaasha, rafiki mkubwa wa Kokuberwa, akacheka mpaka akakaa chini. "Leo Bwana Shauri amepata kesi nyingi," Mwanaasha alisema. Kokuberwa naye alicheka, lakini kicheko chake kilikatika alipoona miguu ya ndege inatetemeka.

Baba na Mama waliporudi, mambo yalikuwa yamebadilika. Kasuku alikuwa amejikunyata sakafuni mwa kizimba, manyoya yamesimama, anatapika, na kifua kinapanda na kushuka upesi upesi. Mama akamuuliza Kokuberwa alimpa nini. Kokuberwa alikumbuka onyo la Baba. Akilini alimwona Padri, ua mkubwa, na kizimba kikitoka mlangoni. "Chakula chake cha kila siku tu, Mama," akajibu. "Mtama na papai."

Mama akageuka, akaona kikaango cha Bi Tabu kimeegemezwa ukutani. Kila asubuhi Bi Tabu alimmegea kasuku kipande cha kitumbua, kwa ruhusa ya Baba, na asubuhi hiyo pia alimmegea.

"Bi Tabu, samahani kukuuliza," Mama alisema taratibu. "Mafuta ya leo hayakuwa yale ya zamani?"

Bi Tabu alikuwa mama wa pwani, mwenye maneno mengi siku zote, lakini safari hii yalikuwa machache. "Mama Koku, mie mafuta nimeyamimina leo alfajiri. Vitumbua hivyo ndivyo alivyokula mjukuu wangu." Akakiokota kikaango chake, akakiingiza ndani. Mwanaasha akaacha kucheka, akamfuata bibi yake bila kumtazama Kokuberwa. Miaka mitatu walikuwa wamekaa nyumba moja, wakipeana moto na chumvi, na haikuwahi kutokea mmoja kumshuku mwenzake. Kokuberwa alitamani ardhi ipasuke aingie.

Lakini Bi Tabu hakukaa ndani. Baada ya kitambo kidogo alitoka amejifunga kanga, akamwambia Mwanaasha akimbie kwa Bwana Fakihi. Bwana Fakihi alikuwa msaidizi wa bwana mifugo, aliyekagua ng'ombe kabla hawajachinjwa, na alikaa mtaa wa pili. "Ndege huyu nimempa jina mie mwenyewe," Bi Tabu alisema, hamwelekei mtu. "Hatakufa mie nimekaa tu."

Bwana Fakihi alifika na mkoba wake wa ngozi, akamshika kasuku kwa kitambaa, akamsikiliza kifua, akauliza amekula nini. Mama akasema huenda ni kitumbua cha mafuta. Bwana Fakihi akasema basi mbio hizo za moyo ni za udhaifu. Alisema mafuta mabaya huuzubaisha mwili wa ndege, na dawa iliyo karibu ni matone ya chai ya rangi, kali, iliyokolea, ili moyo upate nguvu. "Ila nawaambia mapema," akaongeza. "Kama ni mafuta, chai itamwinua. Kama ni kitu kingine, chai inaweza kummaliza."

Bi Tabu ndiye aliyechemsha chai. Aliileta kwenye kikombe, nyeusi tii. Bwana Fakihi akachota kwa kijiko, akapuliza, akaisogeza kwenye mdomo wa ndege. Kokuberwa alikuwa amesimama karibu na Mwanaasha, ila palikuwa na nafasi ya watu wawili kati yao. Alikitazama kile kijiko. Kama angesema, Bwana Shauri angeondoka kwenda kwa Padri. Kama asingesema, huenda angeondoka moja kwa moja, na watu wangesema milele kwamba aliyemuua ni Bi Tabu.

"Msimpe," alisema. Sauti ilitoka nyembamba, ikabidi arudie. "Msimpe chai. Si kitumbua. Nilimpa buni, tatu, zile za mgeni. Nimemdanganya Mama."

Kijiko kilisimama hewani. Bwana Fakihi akakirudisha ndani ya kikombe, akakisogeza kikombe mbali. Alisema kilichomo ndani ya buni ndicho kilichomo ndani ya chai. Moyo wa ndege ulikuwa tayari unakimbia kupita kiasi, na yeye alikuwa karibu kuupiga mjeledi. Hapo hakupoteza muda. Alitaka kipande cha mkaa safi. Bi Tabu akachagua kizuri kutoka kwenye gunia lake, akakitwanga kikawa unga laini, wakaukoroga na maji, na Bwana Fakihi akamtilia kasuku tone baada ya tone. Kisha wakafunika kizimba kwa kanga, wakakiweka chumbani pasipo kelele. "Sasa ni yeye na Mungu wake," akasema, akafunga mkoba.

Baba akaketi karibu na kizimba. Kokuberwa alikwenda mpaka mlangoni kwa Bi Tabu, akapiga goti, safari hii bila kikapu. Alimwomba radhi huku machozi yakimdondoka. Mama naye akaja nyuma yake, akasema kosa la kumshuku jirani ni lake yeye mtu mzima, si la mtoto. Bi Tabu alimwinua Kokuberwa akamfuta uso kwa pindo la kanga.

"Mie nimeumia, sitakudanganya," alimwambia. "Lakini umesema mbele za watu, na kijiko kimeshafika mdomoni. Hilo si wote wanaoliweza. Haya, nenda ukanawe."

Jumatatu kutwa Bwana Shauri alikaa kimya, akanywa maji kidogo tu. Mwanaasha alikuja kumpitia Kokuberwa waende shule, na njiani walitembea wameshikana mikono. Jumanne asubuhi Kokuberwa alifungua mlango polepole, akainua pembe ya kanga. Jicho moja la njano lilimtazama. "Shikamoo," sauti nzito ikasema, dhaifu kidogo. Kokuberwa alilia kwa furaha mpaka Mama akaja mbio akidhani ni msiba.

Jioni hiyo, kabla hajaambiwa, alisafisha kizimba chote, akachukua karatasi ya daftari, akaandika kwa mwandiko wake bora: asubuhi mtama na alizeti, pilipili moja, papai, maji yabadilishwe mara mbili, Jumamosi aogeshwe kwa tawi, ukikohoa atakuigiza usikasirike. Chini kabisa akaandika: asipewe buni wala chai. Akampa Baba ili ampelekee Padri pamoja na ndege.

Baba aliisoma karatasi yote, akairudia. Akaenda kutafuta msumari, akaipigilia ukutani juu ya kizimba, Kokuberwa akiangalia asiamini. "Nilisema uzembe mmoja mwingine," Baba alisema. "Na umetokea. Lakini nilitaka ndege akae na mtu atakayesema ukweli siku ya taabu, na mtu huyo nimemwona. Padri nitampelekea salamu."

Jumapili iliyofuata, Mama alimwalika Bi Tabu chumbani kama mgeni rasmi, akamketisha kwenye kiti alichokalia Theonest. Kokuberwa alipotaka kuchukua kikapu cha buni, Mama alimzuia, akakishika mwenyewe. Akachukua buni moja, akaitafuna mbele ya Bi Tabu bila haraka, akameza, ndipo akamsogezea kikapu kwa mikono miwili. Bi Tabu, ambaye hakuwahi kutafuna kitu hicho maishani, akatia moja mdomoni, akakunja uso wote, akasema ni tamu sana.

Baba alicheka, kisha akamgeukia binti yake. "Umeona, Koku? Mwenyeji hutafuna kwanza ili mgeni amwamini. Siku ile ukweli ulikuwa mchungu, nawe uliutafuna mwenyewe mbele yetu sote. Ndiyo sababu leo neno lako tunalipokea. Uwe hivyo hivyo, hata kama kitu unachokipenda kitakuwa hatarini."

"Karibu, waitu," Bwana Shauri akaita kutoka uwani. Kokuberwa akakifunika kikapu, akakiweka juu kabisa ya kabati, akaenda kumchumia pilipili.