Sanduku la Kufuli Tatu

Simu ilitetemeka mara mbili, ikanyamaza, ikatetemeka tena.

Théophile alisimamisha pikipiki yake ya TVS katikati ya matope ya Nyabiondo, akateremsha mguu mmoja, akapokea.

"Mbuzi zinakunywa maji saa ngapi?" sauti ikauliza.

"Saa tano. Ntoto."

"Wachungaji?"

"Edmond mwenyewe. Na mmoja wa bunduki."

"Mkamate akiwa na mashine mikononi. Ndani ya mashine usiguse kitu. Umesikia, Nyuki?"

"Nimesikia, Chef."

Ikakatika.

Ilikuwa saa tatu na robo asubuhi. Akawasha pikipiki, akaingia njia ya msitu.

Nyuki lilikuwa jina lake kule Goma, katika ile idara ambayo watu hawaitaji kwa sauti. Chef alikuwa Védaste, bosi wake, mtu wa kukaa ofisini na kunywa chai ya tangawizi huku wenzake wakila vumbi. Na mbuzi hazikuwa mbuzi. Ilikuwa ndege ndogo yenye bunduki na makombora, iliyotazamiwa kutua kwenye uwanja wa nyasi nyuma ya Ntoto. Rubani aliapa hatashusha hata risasi moja kabla pesa hazijatumwa kwa intaneti kwa muuzaji, huko nje ya nchi. Mwaka ule wa vita, mzigo wa namna hiyo ungetosha kuwakimbiza tena watu wa Masisi nzima.

Sasa uliza pesa zenyewe zilitoka wapi.

Zilitoka kwa watu wa Masisi hao hao. Na aliyewakusanyia wezi sehemu nzuri ya hizo pesa alikuwa Théophile mwenyewe. Ndiyo, huyu huyu wa pikipiki, mwenye bastola ya Makarov kiunoni na kamera ndogo kwenye kifungo cha koti. Usimhurumie haraka.

Ilikuwa hivi. Edmond alifika Masisi na tai shingoni na programu ya simu iliyoitwa Mavuno Direct. Unaweka dola kumi. Kila siku unabonyeza picha tano, na pesa zako zinaota kwenye kioo unaziona. Wa kwanza walilipwa vizuri, siku hiyo hiyo, ili wakaseme sokoni. Wakasema, tena kwa kelele. Waliofuata walipotaka kutoa pesa zao, waliombwa kwanza frais, yaani ada, ya kufungua. Wakalipa. Ikaja frais ya kuhakikisha jina. Wakalipa. Na kila alfajiri, kabla jogoo hajafungua mdomo, simu ilikatwa unité kidogo za salio ambazo hakuna aliyeambiwa habari zake. Ukiuliza, unajibiwa kwa maandishi mazuri: ulikubali masharti.

Théophile alitumwa aingie ndani. Kwa watu alikuwa mchuuzi wa Butembo, mwenye duka la sabuni, chumvi na betri pale Kirolirwe, Mkatoliki wa misa ya kwanza. Alipomwambia Védaste kwamba ili apande ngazi lazima alete watu chini yake, Védaste alimjibu neno moja.

"Walete."

Akawaleta. Watu mia mbili na sita.

Kati yao walikuwa akina mama ishirini na watano wa sanduku. Kila Jumamosi walikaa kwenye duara, kila mmoja akaweka akiba yake ndani ya sanduku la chuma lenye kufuli tatu. Funguo walikaa nazo wanawake watatu wa nyumba tatu: Mama Anastasie, Mama Blandine na Mama Mukandayisenga. Mmoja akikosekana, sanduku halifunguki, hata kukiwa na kilio. Mara tatu vita iliwakimbiza, na mara zote tatu Mama Anastasie alilibeba kichwani, akaacha magodoro na sufuria. Pesa za msimu ule zilikuwa za mbegu za viazi na majembe, ili warudi kulima na waepuke njaa.

Wapiganaji hawakulipata lile sanduku. Théophile alilipata kwa maneno.

"Papa Théo, wewe iko muntu wa kanisa," Mama Anastasie alimwambia siku ile. "Ukisema iko muzuri, njo tunafungua."

"Iko muzuri, Mama."

Wakaja watatu, wakasali, wakafungua.

Hata sasa, pikipiki ikiruka juu ya mizizi, maneno yale mawili, iko muzuri, yalimrudia. Asubuhi hiyo alipopita mbele ya nyumba ya Mama Anastasie, yule mama alimpungia mkono akiwa na jembe la kuazima. "Papa Théo, ile feza itatoka lini? Mvua njo hii!" Alimjibu, "Leo, Mama." Alisema tu ili apite. Sasa neno lenyewe lilikuwa linamfukuza njia nzima.

Saa nne na dakika arobaini. Ntoto.

Nyumba ya mbao ilikuwa pembeni, nyuma ya shamba la mihogo. Jenereta ilinguruma. Juu ya bati kulikuwa na sahani ya intaneti, nyeupe na safi, na hapakuwa na kingine safi pale. Mlangoni alisimama Merdi, jibaba la ndevu, AK imening'inia begani.

"Papa Théo. Boss anakungojea. Anakasirika."

"Amekunywa chai?"

"Apana."

"Basi njo sababu."

Merdi alicheka kidogo, akampisha bila kumpekua. Kwake, Théophile alikuwa mkubwa wa Mavuno Direct upande wa Masisi. Kupekua mkubwa ilikuwa kujitafutia maneno.

Ndani, Edmond alikuwa ameinama juu ya kompyuta, jasho likimtoka, simu ya setilaiti ya Thuraya kando ya mkono.

"Théo! Dakika kumi na tano zimebaki. Leta code yako!"

Akaunti kuu ilifunguliwa kwa code tatu, namba za siri. Moja ya Edmond, moja ya Patron, mkubwa wao aliyekuwa ng'ambo, na ya tatu ya mtu wa Masisi, yaani Théophile.

"Patron ameshatuma yake?"

"Ameshatuma, nimeshaweka, na yangu pia. Kumbuka, hii akili nilitoa kwa wale wamama yako. Kufuli tatu, funguo tatu! Wako na akili, wale wamama." Edmond akacheka. "Lakini si sana."

Mkono wa Théophile ulishuka wenyewe kuelekea kiunoni. Akauzuia. Kumkamata sasa ilikuwa rahisi. Védaste angefurahi. Lakini akaunti ingebaki imefungwa, mashine ingepelekwa Goma, na yeye aliijua ile stoo ya vielelezo. Kulikuwa na pikipiki za watu mle ndani, zilizokamatwa alipoanza kazi, na kuku walikuwa wanatagia juu yake. Hakuna mwenye mali aliyewahi kurudishiwa kitu.

Akavuta kiti, akakaa, akakunja nne.

"Code iko. Lakini kuna frais."

"Frais gani?"

"Frais ya kufungua code. Asilimia kumi na tano."

"Théo, hii si saa ya kucheza!"

"Na ukilipa ile, kuna frais ya kuhakikisha jina lako."

"Uko wazimu? Ni mimi Edmond! Unanijua!"

"Nakujua. Lakini ulikubali masharti."

Mlangoni, Merdi alikohoa.

"Boss," akasema polepole. "Ile frais... na mimi nililipaka. Mara mbili."

"Nyamaza, Merdi! Angalia njia!"

"Merdi," Théophile akamwita bila kugeuza kichwa. "Mushahara yako wanakulipaka wapi?"

"Ndani ya application."

"Umeshatoa hata franc moja?"

Merdi akatoa simu yake, akaitazama. 

"Mwezi wa tatu huu. Naona tu iko inapanda. Bibi yangu wa ndoa ananiuliza feza iko wapi, namuonyesha simu. Juzi aliniambia nipike ile simu."

"Akaunti yako iko en cours de vérification, bado inahakikishwa!" Edmond akapayuka. "Nitakufungulia kesho!"

"Kesho ile ulisemaka tangu Pasaka, Boss."

Edmond akarukia bastola iliyokuwa chini ya makaratasi.

Théophile alikuwa ameshasimama. Makarov ikagusa sikio la Edmond, baridi. Wakati huohuo AK ya Merdi ikashuka begani, mdomo wake ukatazama ile tai ya shingoni mwa Edmond.

"Acha, Boss," Merdi akasema. "Kwanza feza yangu."

Edmond aliacha. Akateleza hadi chini, akakaa sakafuni.

Saa tano kasoro dakika tatu.

Théophile aliandika code yake. Kioo kikabadilika rangi. Akaunti kuu ikafunguka, na saa ndogo ikaanza kuhesabu kurudi nyuma. Dakika kumi kabla haijajifunga.

Simu ya Théophile ikatetemeka mfukoni. Akapokea, akaibana kwa bega.

"Nyuki! Hali?"

"Edmond yuko chini. Pesa za ndege hazijatumwa."

"Bravo! Zima mashine. Ifunge ndani ya mfuko, lete."

"Chef, akaunti iko wazi. Kuna kitufe cha kurudisha. Naweza kuwarudishia watu."

"Hapana. Hicho ni kielelezo."

"Ni mbegu za viazi, Chef."

"Nini?"

"Ni mbegu za wamama wa Kirolirwe. Mimi njo niliwaambia wafungue sanduku. Wewe njo uliniambia niwalete."

"Nyuki, ukigusa kitufe hicho, usirudi ofisini. Umesikia?"

"Nimesikia, Chef."

Akaweka simu mezani bila kuikata, ili Védaste asikie vidole vikibonyeza. Jina la kwanza: Anastasie, sanduku, zote. Rudisha. Mashine ikauliza kama akate frais ya kutuma. Akaandika sifuri kwa hasira. Merdi. Rudisha. Mjane wa Kirotshe aliyeuza samaki. Rudisha. Fundi wa redio. Mwalimu. Alibonyeza huku akitaja majina kwa sauti, na kila jina lilikuja na uso wake na siku aliyomdanganya.

Jina la kumi na tatu likagoma.

Plafond ya siku, yaani kikomo cha kurudisha, imefikiwa.

Akajaribu tena. Ikagoma. Akajaribu jina lingine. Ikagoma. Akapiga meza kwa ngumi hadi chai ya Edmond, ambayo bado hakuigusa, ikamwagika. Saa ile ndogo ikafika mwisho, akaunti ikajifunga, na bila code mpya ya Patron haingefunguka tena. Majina kumi na mawili yamerudishiwa, sanduku zima likiwa jina moja. Wengine wote wamebaki ndani, na yeye ndiye aliyewaingiza.

Juu, mlio wa ndege ulipita. Ilizunguka mara mbili juu ya msitu, rubani akingoja neno la muuzaji wake. Neno halikuja. Ikageuza pua, ikaondoka na bunduki zake. Askari wa Védaste, waliokuwa wamejificha mtoni wakingoja, wakaja kumchukua Edmond, naye akawa analalamika kwamba kamba inambana.

"Na huyu?" askari akauliza akimwonyesha Merdi.

"Huyu ni shahidi," Théophile akasema.

Siku ya pili, Jumamosi, alifika Kirolirwe. Akina mama walikuwa wameshakaa kwenye duara. Pesa walikuwa wamezitoa kwa wakala asubuhi, na Mama Mukandayisenga alikuwa anazihesabu kwa mara ya tatu. Walipomwona walianza kupiga vigelegele.

"Papa Théo! Jana ulisema leo, njo ikatoka jana ile ile! Mungu akubariki!"

Vigelegele vile vilimuumiza kuliko ambavyo bastola ya Edmond ingeweza. Angeweza kunyamaza. Angeweza kupokea baraka, kupanda pikipiki na kwenda zake, na hakuna ambaye angejua. Alivua kofia.

"Wamama, musinishangilie. Mimi si muchuuzi. Serikali njo ilinituma. Ile Mavuno ilikuwa ya wizi, na nilijua. Siku ile niliwaambia iko muzuri, nilijua."

 Mama Blandine alishika mdomo.  Mama Anastasie alimtazama, na Théophile akatamani apigwe.

"Ulijua," akasema.

"Nilijua, Mama."

"Na tulisali mbele yako, ukajibu amina."

"Nilijibu."

"Feza imerudi, aksanti. Lakini kesho muntu wa kweli akikuja hapa na kitu ya kweli, sisi tutamuamini namna gani?"

 Macho yakamjaa maji, mwanaume mzima, mbele ya wanawake ishirini na watano.

Mama Anastasie akamgeukia mwandishi wa kikundi. "Soma amende."

Kila kikundi cha sanduku kina amende zake, faini za makosa. Mwandishi akafungua daftari. Kuchelewa, francs mia tano. Kuongea bila ruhusa, mia mbili. Simu kulia katikati ya kikao, mia tano. Akageuza ukurasa, akatazama nyuma yake.

"Ya kudanganya sanduku haiko, Mama. Hatukuwazaka kama muntu anaweza."

"Basi tunaiweka leo." Wakanong'onezana wale watatu wa funguo. Kisha Mama Anastasie akasema, "Feza yako hatutaki. Uliingiza wangapi?"

"Mia mbili na sita."

"Waliorudishiwa?"

"Majina kumi na mawili, na sanduku yenu njo moja."

"Amende yako njo hii. Wale wengine, utaenda nyumba kwa nyumba. Utawaambia vile umetuambia sisi, kwa kinywa yako. Na utawaonyesha vile wanaiba, ile frais ya kufungua, na ile ya alfajiri, ili wasiliwe tena. Anza na Papa Niyonsenga wa fromage ya maziwa. Aliuza ngombe mbili juu ya neno lako."

"Sawa, Mama."

Simu ilitetemeka mfukoni. Védaste. Akaizima. Mpelelezi aliyekwisha kujitaja hafai tena kwa kazi ya siri, na wote wawili walilijua hilo.

Aliacha TVS pale pale, akapanda kilima kwa miguu, kati ya ng'ombe na nyua za miti. Alitembea wima kama walivyomfundisha idarani. Niyonsenga alikuwa anakamua, ndoo katikati ya miguu. Alipomwona, uso ulimfunguka.

"Papa Théo! Karibu! Ile feza imetoka?"

"Apana," Théophile akasema, akachuchumaa mbele yake ili waonane macho. "Haitatoka, Papa. Nilikudanganya."